Kata Ilimruka Mwenzangu

Nilikuwepo siku kata ilipomruka. Ilikuwa Kibosho, kihambani, kwenye shamba la nyumbani la kaka wa mwenzangu, binti wa kaka amepata kipaimara, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa pipa zima. Wanaume tulikaa kwenye mabenchi pembeni mwa migomba na kata ya kibuyu inazunguka kama inavyozunguka siku zote. Unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, unampa aliye kushoto kwako. Ilipomfikia mzee aliyekaa kabla ya mwenzangu, shemeji mtu, mke wa yule kaka, akatoka jikoni haraka, akaichukua kata mkononi mwa mzee na kunikabidhi mimi niliyekaa baada ya mwenzangu. Kisha akainama, akamwekea mwenzangu kikombe cha plastiki cha bluu. Alikiweka chini, karibu na mguu wake, si mkononi.

"Shemeji, hiki ni chako," akasema. "Usikiachie mtu."

Mwenzangu akakiangalia kile kikombe, akacheka. "Nimepandishwa cheo," akasema. "Maofisa ndio wanaokunywa peke yao."

Watu wakacheka naye, kile kicheko cha kupooza jambo. Nilimsogezea kata yangu. Akairudisha kwa kidole kimoja. "Acha, meku, mzee mwenzangu," akaninong'oneza. "Nikiigusa hiyo watamwaga pipa zima, na watu wana kiu."

Majina ya wahusika ninayo yote. Siyaandiki, maana wana watoto, na watoto hawakukosa. Lakini kazi zao nitazitaja, na watu wa huku watajua ni nani na nani.

Mimi na mwenzangu tulikwenda vitani Uganda pamoja, vijana, mimi mgambo na yeye askari kamili. Mimi nilirudi na sikio moja. Yeye alirudi mzima, akaoa, akalima kahawa mpaka bei ya kahawa ikawa ya kutukanana. Mimi nilishuka mjini, nikapanga chumba Majengo, nikawa fundi viatu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, ila kusoma nasoma, polepole, kwa kidole.

Miaka ile ya tisini mwenzangu alianza kukonda. Na enzi zile mtu akikonda, watu hawaulizi tena. Kama aliwahi kufika Uganda ndiyo kabisa. Walisema ameuleta huko, ule ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa anautaja kwa jina, umekaa ndani yake miaka yote hiyo na sasa umeamka. Hakuna aliyempima. Shemeji yake alimpima kwa macho, akatoa majibu kwa kijiji kizima, na dawa aliyoandika ni kikombe cha bluu.

Dalili ya kweli niliiona mimi na sikuijua. Alikuja kibandani kwangu kushonesha kiatu. Alikuwa ametoka Kibosho kwa miguu, na ile barabara yao mnaijua. Nilipokivua kiatu nikakuta msumari umesimama ndani ya soli, una damu. Soksi nayo imelowa damu.

"Umetembeaje na kitu hiki?" nikamuuliza.

"Kitu gani?"

Nikamwonyesha. Akaushika, akaugeuza, akaangalia chini ya mguu wake kana kwamba ni mguu wa jirani. "Askari hasikii maumivu," akasema, na tukacheka wote wawili kama wajinga. Tulifundishwa hivyo kambini na tukajivunia maisha yetu yote. Mwingine angekanyaga msumari angepiga kelele na kukimbilia zahanati. Sisi tulijipongeza. Kisha akaninywea maji yangu yote ya kunywa, jagi zima, kama alivyozoea siku zile, akaenda zake.

Kidonda kikakataa kupona. Akaanza kuzungushwa, na hao waliomzungusha ndio ninaotaka kuwasema.

Wa kwanza ni mwenye duka la dawa, Majengo hapa hapa. Maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa kama uyoga baada ya mvua, kila mwenye mtaji ni daktari. Huyu alikuwa anauza vidonge vya rangi mbili, viwili viwili, anavifunga kwenye kipande cha gazeti. Hakumuuliza mwenzangu swali hata moja. Alimchoma sindano nyuma ya pazia na kumwambia arudi.

Wa pili ni karani wa ofisi ambayo tuliambiwa inashughulikia watu kama sisi. Huyo hata sindano hakutoa. Aliangalia mguu kutoka upande wa pili wa meza, akasema kidonda hicho si cha vita, ni cha kiatu, na ofisi yake haishughulikii viatu. Alijiona amechekesha.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote. Ni muuza unga wa dawa, wa soko la Kwa Sadala. Siku za soko alikuwa anasimama amevaa koti jeupe, ana kipaza sauti kinachotumia betri ya gari na mchoro mkubwa wa mwili wa mtu, nyama zote nje. Mwenzangu alisimama kumsikiliza, yule bwana akamjua kwa mwendo tu kwamba ni askari wa zamani. Akamvuta mbele ya watu. Akasema wote tuliopigana tuna vipande vya chuma mwilini hata kama hatukupigwa risasi, tulivivuta na hewa, na chuma kwa sababu ni kizito kinashuka miguuni na kutoa sumu. Akamuuzia unga wa kahawia. Maelekezo yalikuwa haya: chemsha maji, tia unga, tumbukiza mguu maji yakiwa bado yanatoa mvuke, vumilia.

"Si wewe ni askari?" akamwambia kwenye kipaza sauti. "Utavumilia."

Mke wa mwenzangu alinisimulia baadaye. Alikataa kumwekea mguu kwenye maji yale, kwa sababu yeye mwenyewe aliingiza kidole akakitoa haraka. Mwenzangu akautia mguu mwenyewe. Akakaa hapo na mguu ndani ya sufuria, anapiga soga, anauliza habari za ng'ombe. Mkewe akadhani mumewe ni jasiri. Alipoutoa mguu, ngozi ilimenyeka kama ganda la ndizi iliyochemshwa.

Walirudi kwa yule bwana. Akasema: "Vizuri sana. Hiyo ni sumu inatoka." Akawauzia unga mwingine.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda hospitali. Hata mimi nilimuuliza, na nilimuuliza kwa ukali. Alinijibu: "Nikienda watanitoa damu. Wakinitoa damu watasema ndiyo. Sasa hivi ni maneno ya shemeji tu. Kesho binti zangu wataolewa na nani?" Kwa hiyo mtu aliacha mguu wake uoze kwa sababu ya kikombe kimoja cha plastiki. Ninapoandika hapa mkono wangu unakaza kalamu.

Sasa maktaba. Ilikuwa ndogo, chumba kimoja na varanda, nyuma ya maduka. Leo ni ghala la mitumba. Askari wa zamani tulikuwa tunakwenda pale kusoma magazeti bure, kila mmoja akitafuta habari ile ile, kwamba tumekumbukwa. Hatukuwa tumekumbukwa, lakini mpira ulikuwemo. Siku hiyo tulikuwa watatu, mimi, mwenzangu na mfupi mmoja aliyekuwa dereva wa lori vitani, ambaye hajui kusoma ila anapenda picha. Dereva akafunua ukurasa, akapiga meza.

"Si yule jamaa wa Kwa Sadala huyu? Na koti lake."

Kweli alikuwa yeye, ndani ya gazeti. Nikasoma kwa sauti, kwa kidole: unga unatibu vidonda sugu, miguu kufa ganzi, nguvu za kiume, na kesi mahakamani.

"Mnaona?" mwenzangu akasema. Uso wake ulipata nuru ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. "Gazeti haliwezi kuandika uongo likaachwa."

Binti mmoja aliyekuwa anapanga vitabu, mfanyakazi wa pale, akatusogelea.

"Shikamooni wazee wangu. Samahani, hiyo si habari. Hilo ni tangazo. Amelipia hiyo nafasi kama anavyolipia meza sokoni."

"Kwa hiyo ni mwongo?" dereva akauliza.

"Simjui. Ila mimi mtu akinieleza habari za ugonjwa, kwanza najiuliza, huyu anauza? Kama anauza, natafuta mwingine anayeujua ugonjwa huo huo na hauzi kitu. Halafu naona kama wanasema jambo moja."

"Na wewe dada, unauza?" dereva akauliza tena.

"Ningekuwa nauza, baba, ningevaa hivi?" Akainua mguu. Mimi ni fundi, niliona. Soli ilikuwa imekwisha, amepachika karatasi ngumu ndani.

Tukamweleza habari ya mguu. Hakutoa dawa wala hakujifanya nesi. Alisema kipo kitabu kinene cha mambo ya magonjwa, Kiswahili chepesi, kimeandikiwa watu wa kawaida. Tatizo ni kwamba kiko kabatini na ufunguo anao mkubwa wake.

Huyo mkubwa ndiye wa nne kwenye orodha yangu. Alikuwa amefunga kabatini kila kitabu ambacho watu walikuwa wanakitaka, eti wanachana kurasa. Vitabu vya wafalme wa Ulaya vilikuwa wazi rafuni, vina vumbi la tangu tupate uhuru, hakuna mwizi aliyevitamani. Kitabu cha kumwambia mtu kwa nini mguu wake unaoza kilikuwa chini ya kufuli. Tulibembeleza, akakitoa kama anayetoa figo. Nikaanza kuwasomea wenzangu. Sikufika mbali. Akarudi.

"Hapa ni kimya. Mkitaka kelele nendeni kilabuni."

"Mzee, huyu hajui kusoma," nikamwambia. "Na huyu macho yake siku hizi yana ukungu. Nikisoma kimya watasikiaje?"

"Hilo si tatizo la maktaba."

Akakichukua kitabu mikononi mwangu, akakifungia. Kelele yangu ya vitani ilikuwa inafika ng'ambo ya mto, na mwenzangu aliijua. Nilikuwa nimeshika ubao wa meza kwa vidole, mwenzangu ananivuta shati. Nimetukanwa na maofisa, nimelala kwenye matope na maiti. Hakuna neno lililoniuma kama lile, maana alilisema kwa utulivu, kama anayesoma saa.

Yule binti ndiye aliyetafuta njia. Siku iliyofuata alimwambia mkubwa wake kwamba gamba la kile kitabu limeachia, anataka kukishona. Akakitoa varandani pamoja na sindano, uzi na gundi, akatuita. Alikaa ngazini anashona gamba huku kurasa ziko wazi mapajani, na mimi nimechutama pembeni nasoma kwa sauti. Kwenye varanda hakuna sheria ya kimya. Alikuwa ameficha na kitabu kingine chini ya kanga, cha wanafunzi wa unesi. Kila tulipomaliza sehemu, anafungua na hicho, anatutafsiria, tuone kama vinakubaliana.

"Soma, mwalimu," dereva alikuwa ananihimiza. "Wino unakauka."

Nikasoma. Kiu isiyokwisha. Kukojoa kila saa. Kukonda hata kama unakula. Macho kuwa na ukungu. Miguu kufa ganzi, mtu anakanyaga kitu chenye ncha na asijue. Nilipofika hapo kidole changu kilisimama, maana niliuona ule msumari. Nikaendelea. Mgonjwa wa namna hii asitie miguu kwenye maji ya moto, kwa kuwa hawezi kujua yanaunguza. Mtu mwingine ayapime kwanza.

Dereva aligeuka akatazama barabarani.

Kisha nikasoma kwamba zamani, kabla ya vipimo, watu walikitambua kisukari kwa sisimizi, wanakuja kwenye mkojo kwa sababu ya utamu wake.

"Rudia hapo," mwenzangu akasema.

"Wapi?"

"Kwa sisimizi."

Nikarudia. Akashika kichwa. "Mama watoto amenigombeza mwezi mzima," akasema. "Anasema namwaga mbege nyuma ya nyumba, sisimizi wamejaa. Mimi nikamwambia hao sisimizi ni wake."

Tulicheka mpaka mkubwa akatoa kichwa dirishani. Halafu mwenzangu akamgeukia yule binti, na sasa hakuwa anacheka. "Kwa hiyo unaweza usiwe ule?"

"Unaweza usiwe," binti akasema. "Lakini baba, kitabu hakipimi mtu. Kinakuambia tu ukapime nini. Kisukari wanakipima, na hata huo mwingine wapime, usiogope. Na hapa soma, fundi." Akanifungulia mahali pengine. Nikasoma kwamba ule ugonjwa hauambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kukaa pamoja.

Nilisoma mstari ule mara ya pili bila kuambiwa. Yaani hata kama shemeji angekuwa amepatia, bado angekuwa amekosea. Hata kama mwenzangu angekuwa nao, kata ingeweza kuzunguka. Ilikuwa imeandikwa, imechapwa kwa Kiswahili cha mtoto wa shule, na ilikuwa chini ya kufuli, mwendo mfupi kutoka kibandani kwangu.

Hospitali walimpima mkojo na damu. Ilikuwa kisukari. Ule mwingine hakuwa nao. Daktari aliyeangalia mguu aliuliza nani aliuchemsha. Alisema msumari peke yake wangeuweza, wangesafisha na mguu ungebaki. Maji ndiyo yaliyoumaliza. Wakamkata nusu ya mbele ya mguu, vidole vyote. Nilimshonea kiatu cha nusu iliyobaki, ngozi laini ndani, bila msumari hata mmoja, kila kitu uzi.

Alipoweza kutembea na mkongojo tulikwenda Kwa Sadala siku ya soko. Mimi nilikuwa nimejipanga kupiga mtu. Yeye alinikataza, akasema anataka kuongea tu. Yule bwana wa koti jeupe alimkumbuka.

"Mzee wangu! Ulimaliza dozi?"

"Mguu ndio ulikwisha," mwenzangu akasema, akainua kile kiatu watu wakione.

Yule bwana hakupepesa jicho. Akaweka kipaza sauti mdomoni. "Mnaona, ndugu zangu? Ndiyo maana nasema dawa haitaki pombe. Wazee wa huku ukimpa dawa anashushia na mbege!" Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu alikuwa tayari ameshika pakiti ya unga. Mwenzangu akamwinamia.

"Mama, kabla hujanunua, jiulize. Huyu anauza?"

"Si anauza ndiyo," mama akajibu. "Kwani anagawa?" Akalipa, akaondoka.

Mwenzangu akaniambia twende. Njiani nilitukana kila kitu nilichokiona, mpaka mbuzi. Alininyamazisha. Alisema yule mama hana maktaba wala varanda, nimwache.

Sijamwacha yeyote mpaka leo. Lakini nimalizie habari ya kata.

Krismasi ilipofika watoto wote wa Kibosho walirudi kutoka Dar na kwingineko, na kwa kaka mtu kukapikwa pipa jingine. Habari zilikuwa zimeshafika, kwamba ni sukari tu, si ule. Ilikuwa ajabu kuona watu wanavyomshika mkono kwa nguvu, wanauchelewesha, kama wanaomrudishia kitu walichokuwa wameazima. Wakamkalisha mwanzo wa benchi. Shemeji yake akatoka na kata iliyojaa, mpya, bado ina rangi ya kibuyu. Safari hii alipiga goti, akampa kwa mikono miwili, yeye wa kwanza kabla hata ya wazee.

Watu wote walikuwa wanaangalia. Mwenzangu akaipokea kwa mikono miwili. Akaileta karibu na uso, akainusa. Nilijua anavyoipenda mbege, na nilijua tulichosoma varandani na alichoambiwa hospitali. Aliishika muda mrefu. Halafu akanigeukia, akanipa.

"Unatukatalia, shemeji?" mama mwenye nyumba akauliza, sauti imeshuka. "Siku kama ya leo?"

"Sijakataa kata," mwenzangu akasema. "Nimeshaipokea, mmeona wote. Pombe ndiyo imekatazwa. Niletee maji."

Akakimbia ndani, akarudi na glasi ya wageni, ile yenye maua, juu ya sahani.

"Sio hiyo," mwenzangu akasema. "Kile changu. Uliniambia nisikiachie mtu."

Yule mama akasimama na sahani yake. Mwishowe kaka mtu akainuka mwenyewe, akazunguka nyuma ya nyumba. Tulimsikia anafukuza kuku kwenye maji yao. Tukasikia anasugua kitu bombani, anasugua sana. Alirudi na kikombe cha bluu, ukingo umedonolewa kidogo, kina maji. Akampa mdogo wake mkononi, na yeye pia alipiga goti, mtu mzima yule.

Mwenzangu akanywa yote. Akakifudikiza juu ya goti lake, akaniambia niizungushe kata, watu wana kiu.